Raga wana FIFA mbili, na kubwa yao ilizaliwa na ugomvi wa refa

Mshika kibendera ninayechezesha naye ndondo aliniuliza majuzi, tukiwa tunavua viatu chini ya mkorosho, kama watu wa raga nao wana FIFA yao. Nikamjibu wanazo mbili, na hiyo kubwa isingekuwepo kama si watu kugombania uamuzi wa refa. Akacheka, akadhani nampiga kamba. Nikamwahidi kumwandikia. Na kwa kuwa wengine nanyi huwa mnaniuliza inakuwaje mtu wa Mtwara, karani wa mizani ya korosho, anakesha akiangalia mpira wenye umbo la yai, basi haya, someni wote.

Kwanza tuelewane. Raga ni michezo miwili iliyotoka tumbo moja. Upo wa yunioni, watu 15 kila upande, na upo wa ligi, watu 13. Yote miwili ina goli la herufi H, pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, na bao kubwa ni trai, yaani kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Tofauti utaiona mtu akiangushwa. Kwenye yunioni ukiangushwa unauachia mpira, na wanaume wanaugombania hapo hapo juu yako. Kwenye ligi unaachwa unasimama, unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, mchezo unaendelea; ila timu ikishaangushwa mara sita, mpira unakwenda kwa wenzao. Trai ya yunioni ni pointi 5, ya ligi ni 4. Penalti ikipigwa golini ni 3 kwa yunioni, 2 kwa ligi.

Yunioni inaendeshwa na World Rugby, makao yake Dublin, Ireland. Ligi inaendeshwa na International Rugby League. Fedha nyingi na nchi nyingi ziko kwa wa kwanza. Kuna pia raga ya watu saba, ile ambayo Wakenya wanatutambia nayo tangu walipowafunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, lakini hiyo ni mtoto wa yunioni. Ilianzia Melrose, Scotland, mwaka 1883, kwa wazo la mchinja nyama mmoja aitwaye Ned Haig wakati klabu inatafuta hela. Tuiache.

Sasa ugomvi wenyewe.

Machi 1884, Blackheath, London. England wanacheza na Scotland. Mskoti mmoja anaupiga mpira kwa mkono kuelekea nyuma, England wanauchukua, na Richard Kindersley anafunga trai. Waskoti wakasimama: haiwezekani, kuupiga vile kwa mkono ni kosa, mwenzetu kalifanya, mchezo ulitakiwa kusimama pale pale. Hebu rudia kusoma. Waliofanya kosa ndio waliodai mchezo usimamishwe. England wakajibu kwamba kosa ni la kwenu, sisi tuliotendewa hatukulalamika, kwa nini lenu liwafae ninyi?

Ambaye hajachezesha ndondo ataona ni kioja. Mimi limenikuta Mikindani, uwanja wa mchanga, mistari ya majivu imeshafutika nusu. Beki kamvuta jezi mshambuliaji, mshambuliaji hakuanguka, nikanyoosha mikono mbele, nikapeta, yaani nikaacha mchezo uendelee. Mpira ukatoka pembeni, ikaja krosi, goli. Unadhani wa kwanza kunivaa alikuwa nani? Ni beki yule yule. "Refa, mimi nimemchezea rafu! Mbona hukupuliza?" Nyuma yake kocha wake, nyuma ya kocha shabiki mmoja kandambili ziko mkononi, na mtu akivua kandambili uwanjani hajavua ili akae vizuri. Nikawaambia goli ni goli, tukaendelea, lakini jioni ile nilirudi mjini kwa bodaboda ya upande ulioshinda.

Pale Blackheath mambo yalikuwa magumu zaidi kwa sababu refa wa zama zile hakuwa na mamlaka ya leo. Kila upande ulikuwa na mwamuzi wake, refa akawa mtu wa kuulizwa wale wawili wakishindwa kukubaliana. Na kanuni zilikuwa za chama cha England, kilichoundwa 1871. Kwa hiyo England waliposema wao ndio wanaojua kanuni inasemaje, walikuwa wanasema kweli: waliiandika wenyewe. Waskoti wakauliza swali ambalo mpaka leo ndilo swali la mchezo wowote unaovuka mpaka. Tukicheza mimi na wewe, kanuni ni ya nani?

Mwaka uliofuata England na Scotland hawakucheza kabisa. Mwaka 1886 Scotland, Ireland na Wales wakaunda bodi ya kimataifa, wakawataka England waingie kwa usawa. England wakakataa: sisi tuna klabu nyingi kuliko ninyi wote, iweje tulingane? Wale watatu wakawasusia. Mwaka 1888 na 1889 England hawakuwa na mechi dhidi ya jirani hata mmoja. Hatimaye suala likapelekwa kwa wasuluhishi wawili, jaji mkubwa wa Scotland na Meja Marindin, ambaye, sikilizeni hili, alikuwa rais wa chama cha soka cha England. Raga ikaja kupatanishwa na mtu wa soka. Mwaka 1890 wakaamua bodi iwe na wajumbe 12: England sita, Scotland wawili, Ireland wawili, Wales wawili.

Sita kwa sita. Yaani England peke yao hawawezi kupitisha kitu, na wale watatu wakiungana bila England, nao pia hawawezi. Kabla hujawacheka, jua kwamba soka letu nalo liko hivyo mpaka leo. Bodi inayoandika sheria 17 za soka ina kura nane: nne za FIFA, na nne za England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, kila mmoja yake. Sheria ikitaka kubadilika lazima zipatikane kura sita. Tanzania, Brazil, Ujerumani na wengine wote tumo ndani ya zile nne za FIFA. Mimi napuliza filimbi Mikindani kwa sheria ambayo Wales ina kura yake na sisi hatuna, na sijawahi kumsikia mchambuzi hata mmoja wa redio akililalamikia hilo.

Bodi ile ya raga ikaendelea kuwa ya majirani wanne kwa muda mrefu mno. New Zealand, ambao tayari walikuwa wanamfunga kila aliyekatiza mbele yao, pamoja na Australia na Afrika Kusini, walikuja kupewa viti baada ya Vita ya Pili ya Dunia, tena kimoja kimoja wakati England na wenzake wana viwili viwili. Wakalinganishwa mwaka 1958. Ufaransa waliingia 1978. Fikiria, wamecheza na hao jamaa kwa miongo mingi, wamewafunga mara ngapi sijui, wanasubiri nje ya mlango.

Kuhusu ule mchezo wa pili, wa watu 13, huo haukuzaliwa na refa. Umezaliwa na posho.

Kaskazini mwa England, Yorkshire na Lancashire, wachezaji walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza unakatwa mshahara, na chama kinakataza klabu kukulipa hata hicho ulichokatwa. Mwaka 1893 watu wa Yorkshire walipeleka hoja London kwamba mchezaji afidiwe muda wa kazi aliopoteza, basi, siyo mshahara. Ikapigwa chini kwa kura 282 dhidi ya 136. Tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zikajitoa na kuanzisha chama chao chenye klabu 22. Wakaruhusu fidia ya shilingi sita kwa siku. Shilingi sita ndizo zilizoigawa raga.

Hapa ndipo ninapowapenda watu wa ligi, ingawa ninaoangalia sana ni wa yunioni. Msimu wa korosho ukikolea, Jumamosi si mapumziko kwetu. Magunia yanaingia ghalani toka asubuhi, mkulima kasimama mbele ya mizani anataka kuona namba kwa macho yake, na kila gunia lazima liandikwe kwenye stakabadhi kabla ya mnada. Mimi nikiondoka saa tisa kwenda kuchezesha, kuna mtu nampa zamu yangu na hela yake anachukua. Halafu kuna kamati ya mashindano fulani, jina nalihifadhi, walitupa waamuzi soda na mkate, wakatuambia mpira ni mapenzi. Mwenyekiti aliyesema hivyo alikuja na gari. Sikumbuki kama nilijibu, ila najua nilichofikiria, na siwezi kukiandika hapa kwa kuwa mama anasoma hizi habari.

Mabwana wa London nao ndivyo walivyokuwa wakisema: raga ni mapenzi. Na walikuwa wakali. Aliyecheza ligi hata mechi moja, hata bila kulipwa, alifungiwa yunioni maisha. Ikawa hivyo kwa miaka 100. Wale waliojitoa, wakiwa na tiketi za kuuza na mashabiki wa kuridhisha, wakaanza kuupunguza mchezo: mwaka 1897 wakaondoa ule urushaji wa mpira kutoka pembeni ambapo watu wanapanga mistari miwili, mwaka 1906 wakapunguza wachezaji wakawa 13. Wanaosema sheria zile mbili zilitofautiana kwa sababu ya falsafa ya mchezo wananichekesha. Zilitofautiana kwa sababu mmoja alikuwa anauza tiketi na mwingine hakuona haja ya kuuza.

Mchezo wa ligi ukaota mizizi Australia kuanzia 1907 na 1908, ukafika Ufaransa miaka ya 1930. Huko Ufaransa yaliwakuta makubwa. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, iliupiga marufuku mwaka 1941 na mali zake zikachukuliwa. Hata hivyo ni Wafaransa hao hao wa ligi waliosukuma kuundwa kwa shirika la kimataifa, Bordeaux, mwaka 1948, na mwaka 1954 wakaandaa Kombe la Dunia la kwanza la raga ya aina yoyote. Yunioni, matajiri, hawakuwa na kombe la dunia mpaka 1987.

Na jinsi walivyolipata ni kikao ambacho ningelipa nauli nikakishuhudie. Paris, Machi 1985. Nchi nane, kura mbili mbili, jumla 16. Australia na New Zealand wanataka kombe. Ufaransa wanataka. Scotland na Ireland hawataki hata kusikia. Wanaogopa kombe litaleta hela, na hela italeta mishahara (na kweli ilileta). Bado England, Wales na Afrika Kusini. Afrika Kusini wakati ule ilikuwa imetengwa na michezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na wajumbe wake walijua kabisa kombe likianza wao hawatakuwamo. Wakapiga kura ya ndiyo. Kisha mjumbe mmoja wa England na mmoja wa Wales wakatofautiana na wenzao waliokaa nao kiti kwa kiti. Ikawa 10 kwa 6. Mimi ni mtu wa vikao vya ushirika, nimeona wajumbe wanavyobanwa korido, na nakwambia mtu wa kugawanya kura ya nchi yake mbele ya mwenzake ana moyo.

Kombe la kwanza lilikuwa la mwaliko. Saba kati ya wenye bodi walishiriki, bila Afrika Kusini, na wengine tisa wakaalikwa. Afrika iliwakilishwa na Zimbabwe.

Halafu 1995. Juni 23, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia mjini Johannesburg, vyama vya Afrika Kusini, New Zealand na Australia vikatangaza mkataba wa televisheni na kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, dola milioni 550 za Marekani kwa miaka 10. Kesho yake Mandela akavaa jezi namba 6 ya Afrika Kusini, mchezaji wao Joel Stransky akapiga mpira ukapita kati ya nguzo, wakashinda 15–12, dunia ikalia. Kila mtu anaikumbuka jezi. Mkataba hauna picha nzuri, lakini ndio uliobadilisha mchezo. Murdoch wakati huo huo alikuwa anapigania kuishika raga ya ligi ya Australia, na wachezaji wa yunioni walikuwa wanafuatwa na mikataba mezani. Bodi ikakutana Paris mwishoni mwa Agosti na kutangaza kwamba kuanzia sasa kulipwa ni ruksa. Zilibaki siku chache tu itimie karne tangu kile kikao cha Huddersfield.

Niwarudishe sasa kwenye kura, maana swali la yule mshika kibendera kwa undani lilikuwa nani anatawala.

Bodi ile ya 1886 ndiyo iliyokuja kuitwa World Rugby mwaka 2014. Uamuzi mkubwa unafanywa na Baraza. Nchi kubwa za zamani, pamoja na Italia na Argentina, kila moja ina kura tatu. Zipo zenye kura moja. Na kuna kanda sita za dunia, kila kanda kura mbili. Kanda yetu inaitwa Rugby Africa, ilianza mwaka 1986 kule Tunis, na rais wake ni Mghana, Herbert Mensah. Afrika Kusini ina zake tatu. Waliobaki, Kenya, Namibia, Uganda, Zimbabwe, Senegal na wengine wote, wanasemewa na zile mbili za kanda.

Kwetu huku kila mkulima anayo kura moja kwenye chama cha msingi, awe na mikorosho kumi au elfu moja, halafu chama kinatuma wajumbe chama kikuu. Kelele zipo, tena nyingi, na bei ikishuka mnadani watu wanasusa kuuza mpaka usiku. Lakini hakuna anayesimama kwenye mkutano akasema mimi niletewe kura tatu kwa sababu babu yangu ndiye aliyepanda mkorosho wa kwanza. World Rugby ndivyo ilivyo. Hoja yao ni kwamba wenye kura tatu ndio wanaoleta mapato ya kombe, na mapato hayo ndiyo yanayogawiwa kwa wadogo. Ni hoja, siikatai. Ila England walisema hivyo hivyo mwaka 1886, kwamba sisi ndio wenye klabu nyingi.

Uchaguzi wa mwenyekiti unaonyesha namba hizi zinavyofanya kazi. Mwaka 2020 Bill Beaumont wa England alimshinda Agustín Pichot wa Argentina kwa kura 28 dhidi ya 23. Pichot alikuwa akizungumzia sana nchi ndogo. Novemba 2024 uchaguzi ukawa mkali zaidi. Brett Robinson wa Australia dhidi ya Abdelatif Benazzi, mzaliwa wa Oujda, Morocco, aliyekuja kuwa nahodha wa Ufaransa. Mzunguko wa pili: 27 kwa 25. Mtoto wa Afrika amekosa kiti kwa kura mbili, na nchi moja tu kubwa, kura zake tatu zikihama, matokeo yanageuka. Sisemi Benazzi angeleta mabadiliko. Nasema hesabu iangalieni.

Hao wenzao wa ligi shida yao siyo kura, ni njaa. Kombe lao la 2025 lilikuwa la Ufaransa; Mei 2023 waandaaji wakajitoa kwa kukosa dhamana ya fedha, likasogezwa hadi 2026 na kupewa Australia. Nchi pekee ambayo ligi ndiyo mchezo wa taifa ni Papua New Guinea, na huko serikali ya Australia imeahidi dola za Australia milioni 600 kwa miaka 10, timu yao iingie kwenye ligi ya Australia mwaka 2028. Haikufichwa kwamba siasa za usalama wa Pasifiki zimo ndani. Ukiwa na mchezo ambao nguvu yake yote iko kwenye ligi ya nchi moja, shirika la kimataifa linabaki kuwa mgeni kwenye harusi yake mwenyewe.

Mniruhusu nimalizie kwa waamuzi, maana ndiko moyo wangu uliko.

Fainali ya Kombe la Dunia la yunioni ya mwaka 2023 niliiangalia kwenye kibanda umiza Chikongola. Tarehe 28 Oktoba, saa nne usiku kwetu. Real Madrid walishamfunga Barcelona jioni, watu wamelipa, wamezomeana, wameondoka. Nikambembeleza mwenye kibanda asizime king'amuzi. Akaniambia, "Shehe, watazamaji wako wawili, wewe na paka." Nikamlipa buku mbili badala ya jero, akakaa na yeye. Refa alikuwa Wayne Barnes, Mwingereza, kazi yake ya mezani ni wakili. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, akapewa kadi ya njano kwa kumgonga mtu kichwani kwa bega. Lakini siku hizi ukipewa ya njano ya aina hiyo, mwamuzi mwingine aliyekaa kwenye skrini ana dakika nane za kuitazama upya. Akaipandisha kuwa nyekundu. Nyekundu ya kwanza kwenye fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Baadaye Aaron Smith akafunga trai, ikafutwa, kwa sababu waliirudisha picha nyuma mpaka wakakuta mpira ulidondoshwa mbele hatua kadhaa kabla. Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Pointi zote 12 zimetoka kwenye penalti nne za Handré Pollard.

Mwenye kibanda hakujali matokeo. Kilichomshangaza ni kwamba Barnes alipokuwa anaongea, sauti yake inasikika kwenye televisheni, na wale majitu, mmoja kilo mia na ushee, wanasikiliza. Anayeruhusiwa kumuuliza ni nahodha. Ukibisha, penalti inasogezwa mbele mita 10. Waingereza waliwahi kuijaribu hiyo kwenye soka miaka ya mwanzo ya 2000, wakaiacha, na mimi nadhani walikosea sana kuiacha. Nipeni mita 10 ndondo ya Mikindani muone kama kandambili itavuliwa.

Lakini tusiwatukuze mno. Siku chache baada ya fainali ile Barnes alistaafu, na alieleza wazi kwamba yeye na familia yake walikuwa wakipokea vitisho. Huko uwanjani heshima, huku kwenye simu matusi. Tangu Blackheath kanuni zimeandikwa upya mara nyingi, sasa faida ina sheria yake nzima, refa ananyoosha mkono upande wa aliyekosewa, anaacha mchezo uende, usipowafaa anaurudisha. Beki wangu wa Mikindani asingekuwa na la kusema. Angesema tu.

Kombe la yunioni la 2027 litachezwa Australia, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 13, na kwa mara ya kwanza litakuwa na timu 24. Zimbabwe wamefuzu, waliwafunga Namibia 30–28 Kampala Julai 2025, na hawajacheza kombe hilo tangu 1991. Hawajawahi kushinda mechi hata moja kwenye makombe yale mawili waliyocheza. Mimi nataka kuiona hiyo ya kwanza ikija. Shida ni saa. Mechi ya saa mbili usiku Sydney ni saa sita mchana Mtwara, katikati ya msimu, mizani imejaa watu. Nimeshaanza kuzungumza na mwenye kibanda kuhusu mechi za mchana. Anasema mchana bei ni ile ile ya usiku ule, buku mbili, na nilipe mapema.